Majibu Yangu na ya Mke Mwenza

Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka arobaini na tisa, na nilipohakikisha kwamba imekoma kweli, nilifurahi. Nilijiambia kwamba sehemu ile ya mwili imemaliza kazi yake na sitaulizwa tena habari zake. Miaka minne baadaye mume wangu alifariki, nikaona sasa mambo hayo yamekwisha kabisa. Redioni wakihimiza wanawake wakapimwe mlango wa kizazi, niliendelea kusugua sufuria zangu. Nilijua hizo ni habari za wasichana na za wanawake ambao bado wanazaa.

Sasa nina miaka hamsini na saba na nimeshapita pale pabaya zaidi. Ninaandika kwa ajili ya mwanamke ambaye ameshika karatasi inayosema majibu yake si ya kawaida, naye hajui amwambie nani. Mimi sikujua. Na mtu niliyemwambia ndiye ambaye nisingemchagua hata kama dunia ingebaki na sisi wawili tu.

Ninaishi Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji. Kazi yangu ni karani katika ofisi ya wakili mmoja karibu na mahakama za Makadara. Ninachapa viapo na barua za watu. Mume wangu, Mutinda, alikuwa mchonga vinyago. Sisi ni Wakamba, watu wa kanisa, na tulijaliwa mtoto mmoja, Mwikali, ambaye ni mwalimu na anakaa na mumewe Buruburu.

Mutinda alikuwa na mwanamke mwingine. Anaitwa Nekesa, Mbukusu wa Bungoma, mfanyakazi wa kiwanda cha peremende. Nilikuja kujua mtoto wao akiwa na miaka mitatu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo yule mtoto naye ni Mwikali. Hilo liliniuma kuliko yote. Jina nililoliita mimi kila asubuhi kumwamsha binti yangu lilikuwa linaitwa katika nyumba nyingine, na mwanamume yule yule. Siku ya mazishi Nekesa alisimama nyuma kabisa, karibu na ua, amemshika mtoto mkono. Sikumsalimia. Baada ya hapo sikumwona tena karibu miaka mitatu.

Alikuja ofisini mwezi wa pili, kabla ya mvua ndefu, siku ya joto kali. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi wakingoja kuandikiwa viapo. Niliinua macho nikamwona ameketi katikati yao, mkoba mapajani, akisogea kila benchi liliposogea. Alingoja zamu yake kama mtu yeyote. Nilidhani amekuja kudai vyombo vya kazi vya marehemu.

Alipofika mezani nilimuuliza kama ninavyouliza wote, "Unataka kuandikiwa nini?"

"Sitaki kuandikiwa, Mama Mwikali. Nimekuja kukuambia kitu."

"Sema. Kuna watu."

Aliinama mpaka nikasikia harufu ya peremende kwenye nguo zake. "Nilienda kliniki ya kupanga uzazi. Wakanipima kule chini, kwa mlango wa kizazi. Wakapata seli ziko na shida. Si kansa, lakini zikiachwa zinaweza kuwa kansa. Sista akaniambia hiyo kitu huletwa na kirusi, na hicho kirusi hupitia kwa mwanaume." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Sasa nikafikiria. Mwanaume alikuwa mmoja."

Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya mashine. Nakumbuka nilichapa herufi mbili tatu zisizo na maana.

"Umekuja kunigawia ugonjwa wako," nilisema.

"Nimekuja ukapimwe."

"Mimi ni mzee. Nilishakoma. Hayo ni yenu."

"Nilimuuliza sista hivyo hivyo. Akasema kukoma hakuzuii."

"Toka hapa, Nekesa," nilimwambia, na nilihakikisha mtu aliyefuata kwenye benchi amesikia.

Alitoka. Hakunijibu vibaya, na hilo pia nilimchukia kwalo.

Kitu ambacho sikumwambia, wala sikuwa nimemwambia mtu yeyote, ni kwamba tangu Krismasi nilikuwa nikiona matone ya damu kwenye suruali ya ndani. Kidogo tu. Yalikuja siku moja, yakapotea wiki mbili, yakarudi. Nilikuwa nimejiambia ni kubeba mitungi ya maji. Ukisoma haya nawe umekoma hedhi, kisha ukaona tone, hata liwe dogo kama la mate, usijiambie ni mitungi. Mimi nilipoteza wiki zangu kwa uongo huo.

Nilienda mvua ilipoanza, mwezi wa tatu mwishoni, kwenye zahanati moja upande wa Buruburu. Nilichagua huko kwa sababu Shauri Moyo nzima inanijua, na nilivaa kitambaa cha kichwa ambacho binti yangu hakijui, maana shule yake haiko mbali. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo na wenye watoto wachanga. Msichana mmoja alinipisha nikae akidhani nimemleta mjukuu. Aliniuliza, "Shosho, mtoto yuko wapi?" Nikamwambia mtoto yuko ndani na mamake. Nilidanganya kwa urahisi kabisa.

Sista alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alinieleza atakachofanya kabla ya kukifanya, lakini hakuna maelezo yaliyonitayarisha. Kile chuma cha kupimia kilipoingia nililia kwa sauti. Mwili wangu ulikuwa umekauka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba miaka inakausha hata huko. Sista alisimama, akakitoa, akachukua kingine kidogo zaidi, akakipasha moto kwa maji moto ya bomba.

"Pole, mamangu. Tukiharakisha tutakuumiza. Pumua kama mtu anayepuliza chai."

Nikapuliza chai. Akapata alichotaka, nikavaa. Damu ya mkono nayo walipima siku hiyo hiyo kwa ule ugonjwa mwingine tunaouogopa wote, na majibu yalitoka palepale: sina. Nilimshukuru Mungu nikarudi kazini nikidhani nimemaliza.

Majibu ya kile kipimo kingine yalichukua mwezi. Sista alinipigia simu yeye mwenyewe niende. Aliponikalisha alisema seli zangu hazikusomeka vizuri. Kuna zilizoonekana si za kawaida, lakini ukavu wa mwili uliokoma hedhi wakati mwingine huzifanya seli zionekane mbaya kuliko zilivyo, na wakati mwingine huficha zilizo mbaya kweli. Kwa hivyo angenipa krimu ya kupaka ndani kwa majuma kadhaa, kisha apime upya.

"Kwa hivyo ni mbaya au si mbaya?" nilimuuliza.

"Bado sijui. Na sitaki kukudanganya kwamba najua."

Nimekutana na madaktari wengi tangu siku ile, lakini jibu hilo ndilo nililolishika.

Niliiweka krimu ndani ya pochi ya Biblia, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Mwikali, akija Jumapili kunipangia nyumba, hagusi. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, mjane, amelala chali kitandani na krimu mkononi. Nilijisikia kama mwizi. Lakini lazima niseme ukweli wote: baada ya wiki mbili ule mkwaruzo niliokuwa nimeuzoea, nikidhani ndio uzee, ulipungua. Nilikuwa nikitembea na maumivu kwa miaka bila kujua kwamba ni maumivu.

Kipimo cha pili hakikuuma sana. Majibu yake ndiyo yaliyouma. Sista alifunga mlango kabla ya kuniambia, nikajua. Mabadiliko yalikuwa makubwa, alisema, na sasa yameonekana wazi. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Chini ya barua palikuwa na maneno madogo: aje na mtu.

Nilikaa na barua ile siku tatu. Mtu wa kuja naye alikuwa Mwikali, nani mwingine? Lakini Mwikali angeuliza, maana ni mwalimu na huuliza mpaka mwisho. Angeuliza huu ugonjwa unatoka wapi, na ningelazimika kumjibu kwamba unapitia kwa mwanamume, na mimi katika maisha yangu nimemjua mmoja tu. Alikuwa amemsamehe babake kwa shida sana. Nilimwona akimsamehe, pale kitandani, akimnywesha uji. Sikutaka kumchafua tena mtu ambaye alikuwa ameshazikwa akiwa safi machoni pa mtoto wake.

Dada zangu wako Machakos. Wamama wa kanisa wangeomba, kisha wangeongea. Siku ya tatu nikagundua kwamba kuna mtu mmoja tu Nairobi nzima ambaye sihitaji kumweleza chochote.

Nilimsubiri nje ya kiwanda saa za kutoka. Aliponiona alisimama, wenzake wakampita.

"Wamepata?" aliuliza.

"Wamepata."

"Lini unaenda?"

"Jumanne."

"Nitaomba ruhusa," alisema. Basi. Hakuniuliza mbona nilimfukuza.

Hospitali ile ina ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaacha kadi yako, unangoja. Tulingoja mpaka saa sita. Masaa mawili ya kwanza hatukusemezana. Kisha Nekesa akatoa mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akaliweka moja juu ya goti langu bila kuniuliza. Nikalimenya.

"Wewe walikufanya nini?" nilimuuliza.

"Walinichoma. Wanakuingizia kitu cha moto, kama chuma cha kupigia pasi lakini kidogo. Haikufika hata dakika tano. Maji yakanitoka mwezi mzima, nikavaa pamba. Nikaambiwa nirudi baada ya mwaka."

"Tu?"

"Tu."

Nilitumaini nami nitachomwa niende nyumbani. Lakini daktari, kijana mwenye miwani, alikaa kwenye darubini yake muda mrefu akigeuza shingo. Aliponiambia niketi, alieleza kwa kuchora kwenye karatasi. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, ile sehemu inayoshika ugonjwa iko nje, inaonekana, unaweza kuichoma. Ukishakoma hedhi inarudi ndani, kama konokono. Yangu ilikuwa imerudi mpaka haonekani mwisho wake. Hawezi kuchoma asichokiona. Itabidi akate kipande, thieta, kwenye chumba cha upasuaji, kikapimwe.

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, na sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri: hata ugonjwa umempendelea. Mume alimfuata kwa sababu ya ujana, na sasa ujana huo huo umemponya kwa dakika tano.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, yakanitoka.

"Ulikileta wewe. Mimi nilikuwa na mume mmoja. Wewe ulikuwa na nani kabla yake?"

Alikaa kwenye ngazi. Watu walitupita na makaratasi yao.

"Nilikuwa na mmoja kabla yake," alisema. "Pengine ni huyo. Pengine ni Mutinda, kwani mimi nilikuwa wa kwanza kwake? Pengine ni wewe ulikuwa nacho tangu zamani, ukampa, akanipa. Niliuliza. Sista alisema kinaweza kukaa miaka ishirini kimenyamaza." Akapangusa uso kwa kiganja. "Unataka niseme ni mimi? Kama itakusaidia kulala kwa thieta, ni mimi. Sawa?"

Nilishuka ngazi polepole, na nilipofika chini nilimngoja.

Walinikata mwezi wa saba, wakati wa baridi ile ya Nairobi isiyoonyesha jua wiki nzima. Nilimwambia Mwikali kwamba ni uvimbe mdogo, mambo ya wanawake. Alikasirika kwamba nimepanga bila yeye, akanirudisha nyumbani, akanipikia supu, akarudi kazini Jumatatu. Jumatano damu ikaanza kutoka zaidi. Haikuwa ya kutisha, walikuwa wamenionya, lakini ililowesha leso mbili na shuka, na mimi nilikatazwa kuinama. Nilimpigia Nekesa.

Mwikali alipitia siku hiyo baada ya shule bila kuniambia. Kutoka kitandani nilisikia sauti yake uani.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nafua."

"Unafua nguo za nani?"

"Za mamako."

Nilijikokota mpaka mlangoni. Nekesa alikuwa ameinama kwenye karai, mikono ndani ya maji mekundu, na binti yangu amesimama juu yake na mkoba wa vitabu begani. Majirani wawili walikuwa wameacha kuanika nguo zao ili wasikie vizuri.

"Mama, huyu? Kwa nyumba yako? Baada ya yote?"

"Mwikali, ingia ndani."

"Siingii mpaka atoke."

Nekesa alikamua shuka, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote nne. Halafu akamwaga maji, akasuuza karai, akaliegemeza ukutani. Alifanya hayo yote bila haraka, na Mwikali akabaki amesimama akimtazama. Kisha Nekesa akaniambia, "Leso nyingine iko kwa ndoo. Usiiguse, nitakuja kesho," akaenda zake.

Ndani, nilimwambia Mwikali kila kitu. Nilikuwa nimetunza uongo ule miezi minne na uliisha kwa dakika kumi. Alisikiliza ameketi kwenye kigoda, bado na mkoba begani. Nilipofika kwa babake hakulia kama nilivyoogopa. Alisema, "Kwa hivyo hata akiwa amekufa bado anakuumiza," kisha akaondoka. Alikaa wiki tatu bila kunipigia simu. Hizo ndizo zilikuwa wiki ndefu kuliko zote, ndefu kuliko kungoja majibu yenyewe. Nilimkasirikia Mutinda vibaya sana siku zile. Nilikuwa nimemlinda kwa mtoto wake, na malipo yake nikawa nimempoteza mtoto huyo mimi.

Majibu ya kipande yalitoka mwezi wa nane. Daktari alisema hawakuona kansa ndani yake. Nikaanza kusema asante, akainua mkono. Ule ugonjwa ulikuwa umefika mpaka kwenye ukingo wa kipande walichokata, maana yake huenda umebaki mwingine ndani. Wangeweza kukata tena, lakini mlango wangu wa kizazi ulikuwa umebaki mfupi. Kwa umri wangu alishauri watoe kizazi chote.

"Hukihitaji tena, mama," alisema kwa upole.

Ni kweli sikukihitaji. Nilikubali palepale, nikatia sahihi, nikatoka, na nilipofika kwenye lango la hospitali nililia hadi mwuza njugu akaniletea kiti chake. Sikulilia kuzaa. Humo ndimo Mwikali alikuwa amekaa. Humo pia ndimo walikaa wawili waliotoka kabla ya siku zao, ambao hawana kaburi wala jina, na ambao Mutinda alilia nami kwa ajili yao tulipokuwa vijana, kabla ya mengine yote. Ilikuwa kama kubomolewa nyumba ambamo huishi tena lakini ndimo walimofia watu wako. Ukijikuta unalilia kiungo ambacho kila mtu anakuambia huna kazi nacho, lia tu. Wewe ndiye unayejua kilichokaa humo.

Jioni hiyo nilimtumia Mwikali ujumbe mfupi. Niliandika tarehe ya upasuaji na namba ya wodi. Sikuandika kingine.

Upasuaji ulikuwa wakati mijakaranda imeanza kumwaga maua barabarani. Nilipozinduka, koo limekauka na tumbo kama limefungiwa tofali, niliwaona wote wawili. Mwikali alikuwa upande wa dirisha, Nekesa upande wa mlango. Hawakuwa wakizungumza. Lakini mfuko wa nguo zangu ulikuwa umepangwa na mtu mmoja na chupa ya uji imeletwa na mwingine, na walikuwa wamegawana saa za kunitembelea bila kuniuliza. Siku ya pili nilisikia Mwikali akisema, bila kumtazama, "Yule mtoto yuko darasa la ngapi?" Nekesa akamwambia. Mwikali akasema, "Amepata ile chanjo ya wasichana, ya hicho kirusi?" Nekesa hakuwa na uhakika. "Muulizie shuleni. Wasichana wangu wa darasa wamedungwa," akasema mwalimu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilikaa wodini siku tano, na nyumbani wiki sita bila kuinua hata birika. Jasho lilinitoka, nguvu zikaniishia kwenye mambo madogo kama kuchana nywele. Kulikuwa na asubuhi niliketi kitandani na soksi moja mguuni, nyingine mkononi, mpaka saa nne. Wakili wangu alinitunzia kazi yangu. Jirani, mmoja wa wale wawili wa kamba ya nguo, alinichotea maji kila siku na hakuwahi kuniuliza swali hata moja, ingawa najua alikuwa nayo mengi.

Kizazi kilipopimwa, walikuta ugonjwa kidogo uliobaki, lakini haukuwa umevuka kuwa kansa. Daktari alisema tumefika mapema. Mimi nilijua aliyenifikisha, na nilijua nilivyomfukuza.

Mwikali mwenyewe alienda kupimwa mwezi wa kwanza. Hakunialika. Alinipigia simu akitoka: "Mama, yangu iko sawa. Usianze kulia, niko barabarani." Nilisubiri akate simu kwanza.

Nekesa alienda kwa kipimo chake cha mwaka, safari hii kwenye zahanati yangu ya Buruburu, nami nikaenda naye. Nilitarajia tutoke tukicheka. Sista yule yule mwenye sauti ya chini alimwambia kwamba bado kuna mabadiliko, madogo, si yale ya kwanza. Yanaweza kuondoka yenyewe. Hawatakata chochote sasa, kwa sababu ana miaka thelathini na tisa na alisema angependa kuzaa tena akipata mtu. Arudi baada ya miezi sita, waangalie kwa darubini.

Nilidhani miaka yake michache ilimpa njia rahisi. Sasa niliona upande wake. Mimi walinitoa chote, ikaisha, naenda kupimwa mara moja kwa mwaka na karatasi ya juzi ilisema safi. Yeye atakaa na shaka mwilini, miezi sita kwa miezi sita, akiogopa kuzaa na akiogopa kutozaa. Mwanaume mmoja aliyekuwa akimchumbia aliposikia neno "kirusi" aliacha kupokea simu. Nekesa aliniambia hilo huku akifunga kamba za viatu, ili asinitazame.

Tulitoka zahanati tukatembea kuelekea Jogoo Road. Jua lilikuwa kali. Alikuwa ameikunja kadi yake ndogo kabisa ndani ya ngumi.

"Mama Mwikali."

"Mm."

"Ulikuwa unanichukia sana?"

"Sana."

Tukapita duka la vitabu, tukapita mwuza matikiti.

"Na sasa?"

Ningeweza kumwambia hapana. Siku ile ndiyo aliyoihitaji hiyo hapana. Lakini mtu huyu alikuja kwangu na ukweli akakaa nao kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika, na sikuona haki kumlipa kwa kitu kingine.

"Siku zingine," nilisema.

Aliwaza hatua tano sita. "Hata mimi," akasema. "Siku zingine."

Magari yalikuwa mengi. Nilimshika mkono, tukavuka.